Barazani na Bi Mkubwa: Dawa ya macho inaishia shavuni

Haya wapenzi wangu tumekutana tena. Kaskazi inavuma, joto la Tanga la mwezi huu mnalijua wenyewe, mi naandika nimekaa kibarazani na ungo wa embe boribo pembeni kwahiyo mkiona nimeruka neno jueni mkono ulikua kwenye embe. Barua za mwezi huu nyingi, na karibu nusu yake zinasema kitu kile kile, fulani tulikua tunaongea, tangu uchaguzi hatuongei. Shemeji, jirani, mpaka mtu na wifi yake. Zote sitaziweza. Nimechukua moja nikaing'ang'ania, mbili nyingine nimezijibu chapchap huko mwishoni.

SWALI

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi nirudishie. Mi ni mstaafu wa reli, miaka 69, niko Ngamiani. Mke wangu katangulia mbele ya haki miaka sita sasa, watoto wawili wako Dar na mmoja Arusha, nakaa na mjukuu wa kiume anasoma sekondari. Nina sahibu yangu tumejuana miaka arobaini na kitu, baraza moja kila siku kuanzia alasiri mpaka magharibi, dhumna, kahawa, kashata na maneno. Yeye ana chama chake na mi nina changu na hilo halijaanza leo, tangu vyama vingi viliporudi 1992 tunabishana na tunacheka. Sasa baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, intaneti iliporudi zikaanza kumiminika video kwenye simu, mi nikasema langu kuhusu yaliyotokea na yeye akasema lake, watu wamejaa pale na vijana wa bodaboda wamesimama wanasikiliza, akanambia "wewe akili yako ilistaafu siku moja na reli." Vijana wakacheka sana. Nikapandwa na hasira nikamjibu kwamba afadhali mi nimestaafu kazi, yeye mwanawe alieko Afrika Kusini kamstaafisha ubaba, mwaka wa tisa huu hata simu hapigi. Akanyanyuka akaacha kete zake mezani akaenda zake.

Tangu siku ile hatusalimiani, akiniona anavuka barabara. Baraza naenda mara moja moja tu, halina ladha. Hata ile dawa yangu ya macho, maana nina presha ya macho, yeye ndo alikua ananidondoshea kila jioni kwa sababu mkono wangu unatetemeka, sasa najidondoshea mwenyewe inaishia shavuni, na mjukuu anarudi giza limeshaingia. Na yeye goti lake bovu, kila Ijumaa nilikua nampakia kwenye baiskeli mpaka msikitini, sasa namuona anapanda bodaboda. Swali langu, je nimuombe radhi wakati kwenye ile mada mi ndo nilikua na haki? Nikimuomba radhi si itakua nimekubali kwamba chama chake ndo sahihi?

Mstaafu, Ngamiani

JIBU

Waalaykum salaam kaka yangu. Nina miaka 71, kwahiyo shikamoo yako nimeipokea, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda kumenya muhogo, nikarudi nikaisoma tena, na safari ya pili macho yangu yakaganda kwenye lile neno shavuni. Umelipitisha katikati kama mtu anaepita uchochoroni. Umeniuliza habari ya chama, habari ya jicho hukuniuliza. Mi naanza na jicho.

Presha ya macho haina subira. Wengi haiwaumi, ndo ubaya wake, inakula kidogo kidogo, na uoni ukishapotea kwa ugonjwa ule haurudi, dawa kazi yake ni kulinda kilichobaki, kwahiyo tone likianguka shavuni siku hiyo hujatumia dawa. Mpaka hayo mengine yatengemae fanya hivi: lala chali kitandani usisimame mbele ya kioo, kiganja cha mkono ulioshika chupa kiegemeze kwenye paji la uso kisicheze, vuta kope la chini na mkono wa pili, tone moja, ncha ya chupa isiguse jicho, alafu fumba macho taratibu dakika moja mbili huku umebonyeza kidole kwenye kona ya jicho karibu na pua ili dawa isikimbilie kooni. Na waliokuandikia waulize kama saa ya dawa inaweza kuhamia asubuhi, mjukuu akudondoshee kabla hajaenda shule. Ukienda kliniki usikae kwenye foleni na vijana, sera ya wazee ya 2003 inasema mzee ni kuanzia miaka 60, we una miaka tisa unadai haki yako, ulizia dirisha la wazee.

Sasa tuje kwenye haki.

Kaka yangu, barua nzima hii hukunambia mlikua mnabishania nini hasa. "Nikasema langu, akasema lake", basi. Lakini lile neno la akili kustaafu na reli umeniandikia zima zima na vifungo vyake, na ukaongeza kwamba vijana walicheka *sana*. Mtu anaandika kwa urefu pale panapomuuma. We hukuudhiwa na chama cha mtu, uliambiwa umezeeka mbele ya watoto wadogo, na aliekwambia ni mtu anaejua ni kweli kwa sababu yeye mwenyewe ndo anakudondoshea dawa.

Na mi nakuelewa usidhani nakucheka. Juzi nilikwenda kusajili laini upya, kijana wa pale dukani akanipa "shikamoo bibi" ya adabu kabisa, alafu akageuka akaanza kuongea na mjukuu wangu habari ya laini YANGU, jina nani, anatumia simu gani, na mimi nimesimama pale ubavuni kama mwamvuli. Sikusema kitu. Nilipofika nyumbani nikamgombeza paka. Ndo uzee huo, si magoti peke yake, ni kwamba taratibu watu wanaanza kukuzungumzia badala ya kuzungumza na wewe, watoto wanaamua utakaa wapi, mjukuu anaamua simu yako iwe na lugha gani, na wewe mwanaume uliekua ukipiga filimbi treni inaondoka (sijui kama ulikua unapiga filimbi, lakini reli si ndo hivyo) umebakiwa na pahala pamoja tu ambapo neno lako linangojewa, pale barazani penye dele la kahawa. Sahibu yako kakupiga pale pale. Na kakupiga na yeye kwa sababu anaogopa kitu hicho hicho, wazee wawili wanagombania nani kati yao bado yuko kazini.

Lakini na wewe bwana! Yeye kakupiga kwenye umri, umri ni wetu sote. We umempiga kwenye mtoto. Miaka tisa mtu halali vizuri, kila simu yenye namba ya kigeni anaiokota kwa mikono miwili, na siri yenyewe ya uchungu ule nani aliekua anaijua kama si wewe, ukaitoa mbele ya bodaboda ili ushinde mada. Hilo deni lako. Halihusiani na kura ya mtu. Ukimuomba radhi kwa mwanawe hujakubali chama chake wala hujakataa chako, umelipa deni basi, muuza duka ukimlipa deni lake hakuulizi unampigia nani.

Naomba pia niseme hili ili nisije nikaandikiwa barua: sitakwambia yaliyotokea Oktoba ni madogo. Kuna watu wamezika. We kama una msimamo kaa nao na uumie kama unavyoumia, na yeye hivyo hivyo. Sipendi wale wanaosema "tusahau tu tupendane" kwa sauti ya mtu anaepaka poda juu ya kidonda.

Ila watu wa Tanga kugawanyika hatukufundishwa na siasa. Mji huu ulikua umepasuka zamani, kwenye mpira Coastal Union huku African Sports kule, na kwenye taarabu ukiwa Black Star basi Lucky Star husikii kitu, mafumbo yanarushwa mpaka kwenye kanga. Marehemu mume wangu alikua Coastal wa kufa, kaka yake African Sports. Mwaka ule wa 1988 Coastal walipochukua ubingwa, shemeji yangu hakukanyaga kwetu, akiletewa salamu anasema hajazisikia. Siku ya nane au ya tisa nikapika bada na papa wa kuchemsha wa nazi, nyumba haziko mbali, upepo ukafanya kazi yake. Akaingia anasema amekuja kuangalia kama bati letu linavuja. Mwezi ule haukua wa mvua. Mume wangu akamsogezea sinia, wakala, na ubingwa haukutajwa mpaka mikono ilipooshwa.

Na ya kwangu mwenyewe nikuambie, maana naona naongea sana habari za wengine. Mwaka 1995, uchaguzi ule wa kwanza tangu vyama vingi virudi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akapachika bendera juu ya bati lake, na bendera yenyewe ilikua inapepea upande wa dirisha langu, au mi niliona hivyo. Yule mama ndo alikua anapika maandazi mtaa mzima unayajua, ya iliki, ukiyapasua yanatoa mvuke. Nikaapa sinunui tena. Kila alfajiri nikawa nafunga ushungi napita uchochoroni natokea barabara ya tatu kutoka pale, kwa mwingine, maandazi magumu bwana, ukilitupa linaua kuku, nanunua nayaficha kwenye kanga narudi nayachovya kwenye chai mpaka chai inakwisha lenyewe bado. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Ramadhani ilipoingia Januari 1996. Karibu miezi mitatu nimekula mawe kwa ajili ya bendera, na walioshinda kule na walioshindwa hakuna hata mmoja alieniuliza hali.

Futari ya siku ya pili akaja mtoto wake wa kike na bakuli la tambi za nazi limefunikwa kawa. Akasema "mama kasema chukueni", akakimbia. Hakuna salamu hakuna neno. Sasa unajua adabu ya pwani, bakuli la mtu halirudi tupu. Siku mbili bakuli liko kwangu nalizunguka kama mtego, niweke nini, maandazi siwezi kumpelekea yeye, itakua matusi. Nikapika kaimati, nikapeleka mwenyewe, nikasimama mlangoni. Akala moja akiwa amesimama vile vile akanitazama akasema, "Sukari umezidisha." Ndo maneno ya kwanza tangu Oktoba. Nilikaa mpaka watu wanatoka tarawehe.

Kwahiyo we usiende na mada. Usiende barazani mbele ya watu, na hiyo simu usiitumie kabisa, ujumbe wa sauti wa dakika nne ndo mwanzo wa ugomvi wa pili. Nenda nyumbani kwake asubuhi akiwa peke yake, piga hodi, mwambie ndugu yangu nilikukosea kwa mwanao, nisamehe. Ukifika hapo nyamaza. Ulimi utataka kuongeza "lakini na wewe", uume. Akikujibu vibaya pokea, akitaka kuanza siasa mwambie hilo tutabishana jioni mezani. Alafu toa ile chupa ya dawa mfukoni mpe, si umesema mkono wako unatetemeka? Basi usijikaze, uache utetemeke. Nafasi ya kukusaidia ni zawadi kubwa kwa mzee mwenzio, pengine na yeye tangu aache kukudondoshea dawa hana jioni mtu anaemhitaji.

Akifunga mlango je? Inawezekana, miaka tisa ni mingi. Usipige hodi mara ya pili siku hiyo. Lakini Ijumaa pita na baiskeli yako, simama mbele ya nyumba yake piga kengele mara moja, hesabu mpaka ishirini, asipotoka endelea. Na Ijumaa nyingine hivyo hivyo. Goti litamshauri. Na Ramadhani nayo ikifika, bakuli unalo naamini.

SWALI

Bi Mkubwa, mama mkwe ana miaka 66, tumemleta kutoka Muheza akae na sisi apumzike. Cha ajabu kila jioni anatoa jiko la mkaa nje anakaanga mihogo anauza, mume wangu anaona aibu anasema majirani watadhani hatumlishi. Anachopata ni elfu tatu, nne ikizidi, tunaweza kumpa hiyo na zaidi. Tumzuie vipi bila kumuudhi?

Mama Wawili, Sahare

JIBU

Msimzuie. Mwanangu, elfu tatu mtakayompa nyie ni posho, elfu tatu ya mihogo ni yake, ananunulia wajukuu barafu bila kumuomba mtu ruhusa. Mumeo mwambie akakae pale nje nusu saa kwenye kigoda, hana haja ya kusema kitu, aangalie tu. Mtaa wenu nina hakika una watu ambao hawapeani mkono tangu uchaguzi, lakini fulana za kampeni za kila chama zinasimama kwenye lile jiko zinapulizia muhogo wa moto na zinapokezana kikopo cha pilipili ya ndimu. Mama mkwe anawajua wote majina, nani mwanawe anaumwa, nani kafaulu. Kwenye sofa lenu huko ndani angemjua mtangazaji wa TV peke yake.

Mnachoweza kufanya ni kumtafutia kiti chenye egemeo, na mwavuli mkubwa, na mtoto wa kumwinulia jiko maana mgongo wa miaka 66 si wa kuinua mkaa. Na mafuta ya jana mwambie amwage. Alafu nyie wenyewe nunueni, kwa hela, msidowee.

SWALI

Bibi, babu yangu ana miaka 84 na kila nikifungua simu kusoma habari za siasa anasema sisi tumeharibu nchi, zamani viongozi walikua wanapendana, hakukua na mgawanyiko. Anaongea hivyo kila siku, kila siku! Nimjibu nini?

Kijana, Pongwe

JIBU

Babu yako anakudanganya kidogo, na sio makusudi, sisi wazee zamani tunaihifadhi kwenye sukari. Muulize habari ya kura tatu. Yeye wakati huo alikua kijana wa miaka kumi na sita hivi, atakua anakumbuka. Mwanzoni mwa 1958 TANU walikutana Tabora kuamua waingie au wasiingie kwenye uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nusura chama kipasuke. Nyerere akasema tuingie, wakaingia, Zuberi Mtemvu akakataa katakata, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC, na mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya huyo huyo Nyerere. Sasa hapo kupendana kulikua wapi? Akashindwa vibaya, na baadae akarudi TANU. Hilo la kurudi ndo umuulize babu vizuri, watu walimpokeaje, walisemaje mitaani, nani alimpa kiti.

Ukimaliza hapo muulize foleni za sukari na sabuni za mwanzo wa miaka ya 80, uone kama atasema tena zamani kulikua kuzuri. Mi nilishawahi kupanga foleni Barabara ya 8 bila kujua kinauzwa nini, nikafika mbele nakuta ni viatu vya mguu wa kushoto vitupu.

Na hiyo simu yako, badala ya kusoma habari ukiwa umempa mgongo, iweke kwenye mkeka mbele yake ubonyeze kurekodi, alafu muulize jina la mtu aliekua akigombana nae sana ujanani. Kaa kitako, chukua na mto kabisa maana hutoki mapema.

Basi mi naishia hapa, embe zangu zimeshapata sisimizi. Mstaafu wa Ngamiani nangoja barua yako, na uiandike kwa mkono wako mwenyewe usimpe mjukuu.